Viatu vya Kumpelekea Baba

Juzijuzi nilirudi nyumbani Msalato mchana nikamkuta binti yangu, Tumaini, amechuchumaa uani, brashi mkononi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama anavyofanya akikwama kwenye hesabu. Mbele yake, juu ya gazeti, palikuwa na viatu vyangu vya kahawia. Niseme vilivyokuwa vya kahawia. Kimoja kilishakuwa cheupe pe, cha pili kimefika nusu. Pembeni kopo la rangi ya maji, ile iliyobaki tulipomalizia ukuta wa sebule.

"Mama, usikasirike kwanza," akasema kabla sijafungua mdomo. Mtoto anayeanza hivyo anajua alichofanya. "Nimeona kwenye simu. Kuna dada anachukua viatu vimechoka, anavipaka rangi, vinakuwa vipya kabisa. Wewe si kesho unaenda Mvumi kwenye matanga? Nilitaka uende umependeza."

Mimi mdomo ninao, waulizeni majirani. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumpa vidonge vyake, maana vile ndivyo viatu vyangu pekee vya kwendea kwenye watu, na rangi ya ukuta haishiki kwenye ngozi hata uibembeleze. Lakini upepo ukageuka, ukaniletea ile harufu ya kitu kibichi kinachokauka juu ya kiatu kikuukuu, na hasira yote ikaniishia. Nikajikuta nimekalia ndoo, nimenyamaza. Tumaini akaogopa kuliko ambavyo angeogopa kofi.

"Mama?"

"Malizia hicho kingine," nikamwambia. "Unataka niende na kimoja cha harusi na kimoja cha shamba?"

Akaendelea kupaka. Nami nikabaki pale kwenye ndoo, lakini sikuwa Msalato tena. Nilikuwa Majengo, Dodoma mjini, nina miaka saba, na mikono yangu ni myeusi mpaka kwenye viwiko.

Baba yangu aliuza nafaka pale sokoni: uwele, mtama, na karanga msimu wake ukifika. Alikuwa na viatu vya aina mbili tu. Sokoni alivaa katambuga za tairi. Jumapili kanisani, na kila aliposafiri kwenda Kondoa kununua mzigo, alivaa viatu vyake vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba. Soli zake za kwanza zilishakwisha zamani, akampelekea fundi akavitia soli za tairi, nene, zenye mistari ile ile ya gurudumu. Alikuwa akizigonga kwa kidole na kusema, "Hizi zitatuzika sote." Sisi tunacheka.

Jumapili asubuhi aliketi kwenye kigoda mlangoni, kopo la dawa ya viatu kando, akaniita, "Nyemo, leta mguu." Maana yake nilete mkono. Niliutumbukiza ndani ya kiatu, ngumi ikafika kule mbele penye giza, nikakishikilia wakati yeye anapiga brashi. Mwili wangu mzima ulitikisika. "Tulia. Mguu wa mtu mzima hautikisiki hivyo," aliniambia, nami nikakaza meno nitulie. Ndani mle palikuwa na joto hata kama kiatu hakijavaliwa wiki nzima. Palinuka ngozi, jasho na vumbi la uwele, na nilipoutoa mkono harufu ilibaki nao mpaka tunafika kanisani. Nilikuwa nainusa katikati ya sala. Mpaka leo, nikiambiwa nimwelezee baba yangu alikuwaje, sura yake inanipotea potea, lakini ule ndani wa kiatu ninao. Kwenye kiatu cha kulia, mahali pa kidole cha mwisho, palikuwa na ufa. Alikuwa na kidole kinachosukuma nje kama kinataka kuona njia.

Kisha akaanza kukohoa. Wakampeleka hospitali ya misheni Mvumi, karibu na kwao, na alitoka nyumbani amebebwa, amefungwa blanketi, miguu mitupu. Mimi nilikuwa na tetekuwanga, nikaachwa kwa jirani yetu Mama Zuhura, mama wa Kikondoa tuliyechangia naye ua. Alinikogesha maji ya mwarobaini, akanikataza kujikuna. Siku zikapita nyingi. Mama aliporudi, kichwa chake kilikuwa kimenyolewa na sauti imemkauka.

"Baba yuko wapi?" nikauliza.

Mama akamtazama Mama Zuhura. Mama Zuhura akanishika bega. "Baba amesafiri, mwanangu. Safari ya mbali."

Nyie wenzangu wa umri wangu mnajua, sisi hatukuambiwa mambo. Mtoto alikuwa anasogezwa pembeni, anaambiwa neno laini, basi. Nami kwa nini nisiamini? Baba yangu alikuwa mtu wa safari. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Niliinama chini ya kitanda, nikazikuta katambuga zake na viatu vyake vyeusi, vyote viwili. Sasa huko amekwenda na nini? Ardhi ya jua kali hivi, na miiba, mtu mzima anatembea peku?

Baada ya matanga kuanuliwa kijijini, ndugu walikuja mjini kugawa nguo, kwa kuwa nguo za marehemu zilikuwa kwetu. Alikuja Shangazi Perusi, dada yake Baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akaja Baba mdogo Yona, anayemfuata Baba kuzaliwa, na wazee wawili. "Mbukwenyi," wakasalimia kwa Kigogo mlangoni, nasi tukapokea. Mkeka ukatandikwa uani. Kila nguo ikainuliwa na kutajiwa mtu: koti la huyu, suruali za yule, shuka la Shangazi.

Mimi nimesimama nyuma ya Mama, nafurahi. Ndiyo, nafurahi! Maana nilikuwa nimeshaielewa shughuli nzima kwa akili yangu mwenyewe. Hawa wanampelekea Baba vitu vyake. Mzigo ni mkubwa, ndiyo maana wanagawana, kila mtu abebe kidogo. Mwishoni mzee mmoja akaviinua vile viatu.

"Hivi ni vya Yona. Mguu wao mmoja."

"Afadhali," akasema Shangazi. "Mavuno yakiisha anaoa, na hana hata viatu vya kusimama mbele ya mchungaji."

Baba mdogo akatazama chini, kwenye malapa yake. Moja lilikuwa limefungwa waya. Maneno yale ya harusi niliyasikia vizuri, lakini hayakuniingia. Mimi nilikuwa natazama viatu. Vilikuwa vimefubaa, vina vumbi, na ule ufa umefunguka. Haviwezi kumfikia Baba vikiwa hivi, nikawaza, huko ugenini watamcheka. Na wageni walikuwa wanaondoka kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo wakubwa walipoingia ndani kula, nilivichukua, nikaenda nyuma ya banda la kuku.

Kopo la dawa ya viatu lilikuwa limekauka. Nililikwangua kwa msumari nikaambulia vumbi. Lakini nilijua dawa nyingine. Shuleni kwetu kila Ijumaa mchana ilikuwa kupaka ubao, na mliosoma shule za namna hiyo mnaijua kazi ile. Wakubwa wanatwanga mkaa, wanapasua betri kuukuu kwa mawe, wanachanganya ule unga mweusi na majani ya maboga yaliyopondwa, wanasugua ubao mpaka basi. Sisi wadogo kazi yetu ilikuwa kuokota betri na kuleta majani. Jumatatu unaukuta ubao mweusi tii, unameremeta, chaki inasomeka mpaka kwa mtu aliyekaa dirishani. Kwangu mimi hapakuwa na weusi duniani unaoushinda ule. Nikakimbia jalalani, nikapata betri tatu.

Nilianza na ufa. Mama Zuhura alikuwa hodari wa kuziba mabeseni: kisu motoni, kipande cha plastiki juu ya tundu, unakandamiza, inayeyuka, tayari. Nikachukua kipande cha dumu jeusi na kisu cha jikoni, nikakichoma kisu mpaka kikawa chekundu, nikakandamiza. Ngozi ikapiga kelele tssss. Moshi ukanuka kama ngozi ya ng'ombe aliyechomwa chapa, na ngozi ikajikunja ukingoni. Nikasema si kitu, rangi itafunika.

Kisha nikapaka ile dawa ya ubao. Nikapaka nje, nikapaka ulimi wa kiatu, nikapaka na kamba. Nilipoona havijang'aa kama ubao, nikakumbuka mafuta ya alizeti, nikaiba kwenye chupa ya Mama, nikamiminia. Loo, vikang'aa! Nikaviweka juu ya banda la kuku vikauke. Lakini upepo wa Dodoma nao hauna adabu. Ukavuma mara moja, vumbi lote la Majengo likaja kukaa kwenye viatu vya baba yangu. Nikafuta kwa gauni, nikaongeza mafuta. Vumbi likaja tena. Nikafuta, nikaongeza. Jua lilipokaribia kuzama vilikuwa vizito, vinanata, na kwa macho yangu vilikuwa vizuri kuliko siku vilipotoka dukani.

Nikatia kiganja cha karanga za kukaanga katika kila kiatu, Baba ale. Nikavifunga kwenye gazeti, nikaviweka juu ya mzigo wa Baba mdogo.

Asubuhi Baba mdogo aliketi kwenye kigoda kile kile cha mlangoni, akafungua gazeti avae kwa safari. Karanga zikamwagika. Akacheka. Halafu akakiinua kiatu, na kicheko kikamwishia. Ile dawa ilikuwa imekula ngozi usiku kucha. Kiatu kilikuwa kigumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, kina madoa meupe ya chumvi chumvi. Vidole vyake vikawa vyeusi. Alipojaribu kuingiza mguu, kile kiraka cha dumu kikadondoka chenyewe, kikaacha tundu ambalo kidole gumba kingepita. Akasukuma kidogo tu, ngozi ikapasuka mpaka kwenye kamba.

Shangazi Perusi akatoka ndani. Akavitazama viatu, akamgeukia Mama.

"Wifi, kama ulikuwa unavitaka si ungesema?"

"Wifi, haki ya Mungu sijavigusa."

"Basi vimejichoma vyenyewe! Jana nilikuona unavyovitolea macho. Kaka yangu hata udongo wake haujakauka, tayari unatunyima vitu vyake?"

Mama alikuwa amesimama na kile kichwa kilichonyolewa, na wale wazee wawili wametazama pembeni. Nilijua tu kwamba mama yangu anasingiziwa, na kwamba sauti ya Shangazi inafika mpaka barabarani.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka.

"Ni mimi nimevitengeneza. Baba hana viatu huko. Nyie mnampelekea koti na suruali, halafu viatu vina ufa, watamcheka. Nimevipaka dawa ya ubao." Nikamtazama Baba mdogo. "Na umwambie karanga ni za kwangu mimi, si za Mama."

Shangazi Perusi, mwanamke yule wa kuitia ng'ombe, alikaa chini pale pale aliposimama, vumbini, akajifunika uso kwa kanga. Mama aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Huyu mtoto hakuambiwa?" akauliza Baba mdogo. Alikuwa anawauliza wakubwa.

Akainama. Akaokota zile karanga moja moja kutoka mavumbini, akazipuliza, akazirudisha ndani ya kiatu, mpaka ya mwisho. Mikono yake ikawa myeusi kama yangu. Akafunga gazeti.

"Nitampelekea," akasema. "Nitamwambia ni wewe uliyevipaka."

"Usivivae njiani."

"Sivivai."

Akasimama, akavaa malapa yake, lile la waya na lile lingine, akaondoka na ule mfuko wa gazeti ameukumbatia kwapani. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya soko. Nilikuwa na furaha siwezi kuwaeleza. Kazi yangu ilikuwa inaenda kwa Baba.

Alirudi kutuona baada ya mavuno, ameshaoa. Nilimdaka kabla hajaketi.

"Shikamoo Baba mdogo. Vilimtosha?"

Akamtazama Mama kidogo. "Marahaba. Vilimtosha."

"Alisemaje?"

"Alisema usome."

Nikasoma. Mnacheka, lakini mimi ndivyo nilivyosoma, kwa agizo la mtu aliyekuwa amevaa viatu vyangu. Na msiniulize ni siku gani nilijua ukweli, maana hata mwenyewe sijui. Hakuna aliyenikalisha chini. Ilikuwa inaingia kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja nikagundua kwamba siku nyingi nilikuwa nimeacha kuangalia kona ya soko.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, Mama alinituma Mvumi nikaage kaburi la Baba, kama ilivyo desturi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pale. Tangu kugawana nguo, Mama hakuwa na moyo wa kwenda kwao Baba, na nauli ilikuwa sababu nzuri ya kusingizia. Baba mdogo alinipeleka nyuma ya shamba la uwele, tukapita kwenye upenyo wa minyaa. Alishika jembe dogo, akaanza kupalilia majani kabla hatujasali.

Upande wa miguuni nikaona vitu viwili vimekaa sambamba, vimezama nusu kwenye udongo mwekundu. Nikainama. Zilikuwa soli za tairi. Ngozi yote mchwa walishaila, lakini soli zilikuwa pale pale, na mistari yake ya gurudumu, na katika mistari ile bado kuna weusi wa dawa ya ubao.

Baba mdogo akaendelea kupalilia, hakunitazama.

"Si nilikwambia nitampelekea?"

"Na karanga?"

"Karanga nilizila mimi njiani. Unisamehe, Nyemo, njaa ilinikamata vibaya."

Nikacheka na machozi yakanitoka, vyote kwa pamoja. Kisha ndipo, kwa mara ya kwanza, miaka saba imepita, yale maneno ya Shangazi yaliyokataa kuniingia yakaniingia.

"Baba mdogo, uliolewa... ulipooa... siku ya harusi ulivaa nini?" Ulimi uliniteleza.

Akajinyoosha, akaegemea jembe. "Niliazima vya mwalimu mmoja. Vidogo! Vilinibana mpaka nikawa nachechemea. Vijana wakadhani ndiyo mtindo wa mjini, nao wakaanza kucheza kwa kuchechemea." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Vya kaka vingenitosha. Lakini vilishapata mwenyewe."

Yeye ndiye niliyekuwa naenda kwenye matanga yake, Tumaini alipovipaka viatu vyangu. Baba mdogo Yona, aliyekuwa ananipigia simu kila Jumapili kuuliza kama nimekula.

Basi kesho yake nilivivaa. Tumaini alinitazama mpaka nje ya geti, kidevu juu, kama fundi. Kabla bajaji haijafika kituoni rangi ilishaanza kupasuka pale kiatu kinapokunjika. Nilipofika Mvumi nilikuwa napukutisha magamba meupe kila hatua, na vumbi jekundu limejaa kwenye nyufa. Watu walinitazama usoni, wakanitazama miguuni, wakarudi usoni kwa heshima. Shangazi Perusi, sasa mzee wa mkongojo, alinivuta pembeni.

"Mwanangu, hivyo ni viatu gani umekuja navyo msibani?"

"Kavipaka mwanangu, Shangazi. Alitaka nipendeze."

Akavitazama. Akanishika mkono, akaukandamiza.

Walipotandika mkeka kugawa nguo zake, mimi nilijiondokea taratibu, nikapita kwenye upenyo wa minyaa. Makaburi sasa ni mawili, yamelala jirani, la zamani limeshuka na la juzi bado lina tuta. Nikasimama kati yao na viatu vyangu vyenye mabaka. Nilitamani mtu mmoja tu anitazame miguuni, acheke kile kicheko cha puani, aniulize ni fundi gani kaniharibia hivi. Wengine wote walikuwa na adabu mno. Yeye peke yake ndiye angecheka, na ndiye tuliyekuwa tumemzika.